Mkunjo wa Kisogoni

Usiku ule nililala na njaa kidogo, kwa kuwa uji ulichelewa kuiva, na mjukuu wangu Rukia, ambaye ndiye anayeyaandika maneno haya, analijua kosa lake. Nalitaja mwanzo ili asitokee mtu akasema kwamba ndoto ya mzee Faki ililetwa na tumbo zito. Tumbo langu lilikuwa jepesi, udhu wangu ulikuwa mzima, na nililala kwa ubavu wa kulia kama alivyonifundisha mama yangu. Jioni yake nilikuwa nimeletewa salamu kutoka kwa Bi Zubeda, kwamba Idi hii hataoka mikate ya mofa, kifua kimembana na pumzi haimtoshi. Nikasema, "Mungu amponye," nikageukia ukuta. Kwa Bi Zubeda nina neno ambalo nilipaswa kumwambia tangu alipokuwa msichana, nami sijamwambia.

Mimi sikusoma. Kalamu sikuishika hata siku moja. Lakini nilichokiona nilikiona, nami nataka kiandikwe kama kilivyo, bila kupambwa.

Niliota nimo katika chumba cha vilemba.

Ni lazima nikieleze chumba hicho, maana wanaokikumbuka na bado wako hai hawafiki watatu. Mji wetu ulipokuwa na Sultani wake, kabla bendera haijashushwa na jumba halijageuzwa kuwa ghala, palikuwa na chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa baraza, chenye dirisha moja lililotazama mashariki. Humo ndimo nilimofanyia kazi, na baba yangu kabla yangu. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, na juu yake vilipangwa vichwa vya mti, kila kimoja kimechongwa kwa mfenesi kwa kipimo cha kichwa cha muungwana mmoja. Palikuwa na kichwa cha Waziri, kipana juu ya masikio. Palikuwa na kichwa cha Kadhi, kidogo kama cha mtoto, jambo ambalo hatukulisema. Idi ilipokaribia, waungwana waliniletea vitambaa vyao, nami nikaviloweka katika maji ya wali ili vishike, nikavifunga juu ya vichwa vile, vikakauka. Asubuhi ya Idi vilibebwa juu ya sinia, vimefunikwa kitambaa cheupe, kila kilemba hadi nyumbani kwa mwenyewe. Siku hiyo muungwana hakujifunga kwa mkono wake. Ilikuwa aibu, kama kujipakulia chakula karamuni.

Na kila nyumba ilikuwa na mkunjo wake. Mtu akitokea mwisho wa njia, kabla hujauona uso, ulijua ni wa ukoo gani na anaketi wapi katika baraza, kwa jinsi kitambaa kilivyolala. Mkunjo wa enzi, ambao ni wa Sultani peke yake, ulikuwa na alama moja: pale kisogoni kitambaa kilipitana mara mbili, mkunjo juu ya mkunjo, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Vilemba vingine vyote vililala sawa huko nyuma. Mtu hajioni kisogoni, kwa hiyo alama ile haikuwekwa kwa ajili ya mwenye kuvaa. Iliwekwa kwa ajili ya wanaomfuata.

Basi nimo chumbani humo, na jua linaingia dirishani, limefika nusu ya sakafu. Mikono yangu ni hii ya leo, yenye madoa na mishipa, lakini hakuna anayeishangaa. Nasikia harufu ya maji ya wali yaliyochacha, na udi unaofukizwa ukumbini. Vichwa vyote vimekwisha kufungwa, isipokuwa kimoja. Kimoja kiko wazi, nami nakijua hata kabla sijakigusa, kwa kovu dogo alilolitia mchongaji kwa bahati mbaya juu ya sikio la kushoto. Ni cha Hatibu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyewe, kichwa wazi.

Andika hapa Hatibu alikuwa nani. Alikuwa mtoto wa dada yake Sultani. Mama yake alifariki siku aliyojifungua, na siku zile mama yangu, aliyekuwa akifua na kukunja nguo za jumba, alikuwa na mimi mchanga kifuani. Akaletewa yule naye. Akatunyonyesha sote wawili, miaka miwili kamili, na kwa sheria ya dini yetu sisi ni ndugu wa kunyonya, binti yake kwangu ni mtoto wa ndugu, na mimi kwake ni ami. Mbele za watu nilimwita Mwinyi na kumbusu mkono. Tukiwa peke yetu alinivuta sikio na kuniita Mwizi, akidai kwamba ziwa la kulia lilikuwa lake na mimi nililimaliza.

Hatibu alikufa nikiwa kijana mwenye ndevu nyeusi. Miaka yote hii nimemtamani aje hata mara moja, aje hata kwa hasira. Nimewaota watu ambao sikuwapenda. Nimemwota Waziri, nimeota mbuzi wa jirani. Yeye hakuja. Nilifikia kulala nimevaa kanzu niliyoivaa siku zake, nikidhani labda hanitambui.

Usiku ule akaja, naye anacheka.

"Mwizi," ananiambia, "acha hivyo vichwa vya mti. Nifunge mimi."

"Kilemba chako kitaletwa kwa sinia, Mwinyi, kama vya wenzako."

"Sinia linatembea kama mwanamke mwenye mimba. Mimi nina habari isiyoweza kulingoja."

Anaketi sakafuni, anaegemeza mgongo wake katika magoti yangu, vile tulivyokuwa tukikaa wakati mama alipotuchana. Nakichukua kitambaa chake, kile cha debwani ya buluu chenye ukingo wa hariri nyekundu. Nakiweka kichwa chake sawa kwa viganja vyangu. Kichwa kina joto. Rukia, nimeishi na watu wengi, nimezika mke na watoto wawili, lakini joto la kichwa kile katika viganja vyangu lilinifanya nitamani ndoto isiwe na mwisho, na asubuhi msinikute hai.

"Amezaliwa," anasema. "Wa kike. Leo siku ya saba. Nimemnyoa nywele mimi mwenyewe, mkono ukitetemeka kuliko wako siku unapomfunga Maulana."

"Mungu amkuze. Ni mzima?"

"Mzima! Ana kucha, Faki. Nimezihesabu. Kila kidole na ukucha wake."

"Ulidhani atakuja na kwato?"

"Kwa kumtazama ami yake, nilikuwa na hofu hiyo." Anacheka hadi mabega yanagonga magoti yangu. "Nimempa jina Zubeda. Akilia hukunja uso kama Kadhi aliyeletewa kesi ya mbuzi. Akinyamaza, humtazama mtu kama anayekumbuka kitu. Utakuja kumwona leo baada ya baraza. Nataka umshike. Nataka akujue kabla hajajua kitu kingine."

Nami ninacheka, na mikono yangu inakwenda.

Hapo ndipo penye jambo langu. Katika ndoto naona kile ambacho siku yenyewe sikukiona. Siku yenyewe nilikuwa nimetoka kumaliza kilemba cha Sultani wakati huohuo, na vidole vilikuwa bado na njia ile. Mfungaji hatazami vidole vyake, kama vile mtu hatazami miguu yake aendapo msikitini. Nilikuwa nikimsikiliza Hatibu. Nilikuwa nikiziona kucha zile ndogo alizozisema. Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikapita njia ileile iliyotoka kupita, ikafika kisogoni, ikapitisha kitambaa mara moja, ikapitisha mara ya pili.

Katika ndoto ninaiona inavyofanya. Nasema, "Hatibu, ngoja." Sauti haitoki. Yeye anaendelea kunisimulia jinsi mtoto anavyopiga chafya. Kitambaa hakiishi. Kinaingia dirishani, kirefu, kibichi, nami nakizungusha, nakizungusha, na kila nikifika kisogoni kinajipitanisha chenyewe.

Sakafu inageuka kuwa sakafu ya ukumbi.

Waungwana wameketi pande mbili kwa daraja zao, kila mmoja na joho lake na jambia lake kiunoni, na nyuso zao zote ni za mti wa mfenesi. Sultani peke yake ana uso wa nyama, uliokonda. Alikuwa mgonjwa mwaka ule, wala hakuwa na mtoto wa kiume, na ukumbini hapo watu walikuwa wameanza kutazamana kila mmoja akimkisia mwenzake. Mimi nimesimama mlangoni, mkononi nina sinia tupu. Hatibu anapita katikati yao, kifua mbele, uso wake umejaa mtoto wake. Anafika mbele ya Sultani, anainama ambusu mkono.

Alipoinama, kisogo chake kilielekea ukumbi mzima.

Mwenye kugawa kahawa alikuwa akigonganisha finjani, akaacha. Ukimya ule nimeusikia mara nyingi tangu siku hiyo. Nikiwa sokoni, nikiwa katika sala. Kisha Waziri akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza halua:

"Sabalkheri, waungwana. Leo tunao masultani wawili. Tumwamkie yupi kwanza?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

Sultani hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alimtazama mpwa wake kwa macho ya mtu aliyechoka, akauliza polepole, "Nani kakufunga, mwanangu?"

Hatibu aliinua mkono, akajigusa nyuma ya kichwa. Vidole vyake vikakuta pale kitambaa kilipopitana. Nilimwona anavyoelewa. Ilikuwa kama kumwona mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Wala hakugeuka kunitazama, maana alijua kwamba akinitazama, ukumbi wote utanitazama. Mfungaji aliyeutoa mkunjo wa enzi akaupeleka kwenye kichwa kingine alitupwa gerezani ngomeni, na waliotoka huko wakiwa wazima walikuwa wachache. Mama yangu alikuwa na mimi tu.

"Nimejifunga mwenyewe, Maulana," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku yenyewe. Nami nilisimama mlangoni na sinia langu, nikanyamaza.

Lakini katika ndoto hakujibu. Sultani aliuliza, "Nani kakufunga?" na Hatibu akageuka, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinipa nafasi tu, kama mtu anayesogea kwenye mkeka. Nyuso zote za mti zikageuka nazo. Nikafungua kinywa niseme, "Ni mimi." Kikatoka kitambaa. Navuta, kinakuja, kibichi kwa maji ya wali, dhiraa baada ya dhiraa, na meno yangu yanauma. Upande wa pili Waziri amemshika Hatibu, anamfungua kilemba mbele za watu, anamzungusha kama mtoto anayevuliwa nguo, kama alivyomfanya kweli siku ile. Kitambaa kinachotoka kichwani mwake na kinachotoka kinywani mwangu ni kimoja.

Nikakifuata kitambaa hicho. Kikanipeleka jikoni kwa mama.

Mama anapepeta mchele. Ungo unapanda na kushuka. Hakuinua kichwa, ila anajua ni mimi.

"Mwenzio keshakula?" aliniuliza.

Alikuwa akiniuliza hivyo kila siku ya utoto wetu, nilipoingia mbio nikamkuta na chungu motoni.

"Bado, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nimekula."

Aliendelea kupepeta, na makapi yakaanguka miguuni mwangu, yakafika vifundoni, yakafika magotini, mepesi, nami sikuweza kuinua mguu. Nilitaka kumwambia aniangalie. Nilitaka sana kuuona uso wake. Ungo ulipanda tena, na uliposhuka sikuwa jikoni.

Niko kivukoni, mahali walipomvusha Hatibu kumpeleka bara. Jambo hili lilikuwa kweli, na katika ndoto lilikuwa vilevile, hata harufu ya tope. Askari wawili wanamngoja huko chini. Ana kifurushi kimoja kwapani na kichwa chake ki wazi, jua linakipiga, kwani walimkataza kuvaa kitu chochote juu ya kichwa. Mkewe hakuja kumuaga. Wakwe zake walimwambia kwamba mumewe alitaka enzi, akaamini. Akabaki na mtoto, na mlango wa nyumba yao ukatiwa kufuli la jumba.

"Nilidhani watanikemea tu," Hatibu ananiambia, na anatabasamu kama mtu aliyeshindwa katika bao. "Nilidhani watanikemea, kisha tutakwenda kumwona mtoto."

"Nitakwenda niseme. Nitakwenda sasa hivi."

"Ukisema sasa tutapotea sote, na mama atabaki na nani? Nyamaza." Akanivuta sikio, kwa upole, mbele ya askari. "Lakini mtoto akikua, mwambie. Mtoto asinione mwasi. Wengine wanione wanavyotaka."

"Wallahi nitamwambia," nikasema.

Hilo ndilo neno lenyewe, Rukia. Liandike kwa wino mzito. Niliapa.

Hatibu hakumaliza mvua mbili huko bara. Homa ikamchukua, akazikwa na watu wasiomjua, kwa mawe mawili tu.

Katika ndoto amekwisha kuvuka. Yuko ng'ambo, na maji yaliyo kati yetu ni membamba kama mfereji wa uani. Ningeweza kuyaruka, siyaruki. Nyuma yake naona mawe yale mawili na nyasi. Hakuzeeka. Ana uso uleule wa asubuhi ya Idi. Ananitazama, kisha anatazama nyuma yangu, chini kidogo, usawa wa kiuno changu, kama mtu anavyomtafuta mtoto mdogo aliyejificha nyuma ya kanzu ya mkubwa.

"Faki," ananiambia. "Mtoto hajakua bado?"

Hakunisuta. Laiti angenisuta. Aliuliza kama msafiri aulizavyo habari za nyumbani, mwenye haki ya kuuliza na asiye na haraka.

Nikageuka. Bi Zubeda alikuwa amesimama nyuma yangu kama alivyo leo, mvi kichwani, mgongo umepinda, kapu la mikate ya mofa mkononi. Amempa baba yake mgongo. Na Hatibu anamwona lakini hamjui. Macho yake yanampita, yanashuka tena chini, usawa wa mtoto, yanatafuta.

"Hajakua?" akauliza tena.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mkono wangu ulikuwa umeshika foronya ya mto, umeipitanisha mara mbili, nami ilinibidi niufungue kwa mkono wa pili, kidole kimoja kimoja.

Sasa nitasema yaliyobaki, na Rukia asiinue kalamu kunionea haya. Bi Zubeda alikua zamani. Alikulia mlango wa tatu kutoka kisima cha soko, katika nyumba ya watu, na watoto wa njiani walimwita binti wa mwasi. Hakuna nyumba ya waungwana iliyompelekea mshenga. Aliolewa na mchukuzi wa chumvi, mtu mwema, akamzika. Mama yake alikufa akimlaumu mume kwa tamaa ya enzi, na yeye akairithi lawama ile kama watu wanavyorithi bangili. Kaburi la baba yake liko ng'ambo ya maji, mwendo wa asubuhi moja, na hajavuka hata mara moja kulisomea Fatiha. Nami huniita Ami. Kila Idi huniletea mofa za kwanza kutoka tanurini, kabla hajauza hata moja.

Mara moja aliniuliza. Tulikuwa barazani kwangu, nikitafuna mkate wake. Akasema, "Ami, wewe ulikuwepo ukumbini siku ile. Hukumkanya?"

Nikamjibu, "Baba yako alikuwa na kichwa kigumu." Nikaomba kipande kingine.

Nilikuwa na sababu kila mwaka. Kwanza alikuwa mdogo mno. Kisha alikuwa mwari, nikasema nisimharibie furaha. Kisha alikuwa na msiba. Sultani alikufa, ngome ikabaki na popo, Waziri akazikwa, mama yangu akazikwa. Hapakubaki mtu wa kunifunga. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mzee Faki aliyewafunga masultani vilemba, ninayewekwa mbele kwenye maulidi na kumiminiwa marashi kabla ya wengine, na wazee wenye elimu hunipisha. Nilikuwa nimeizoea heshima hiyo. Ni hilo tu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya kuwapeni.

Leo asubuhi, baada ya sala, nililifungua sanduku langu. Chini kabisa, ndani ya gunia, kipo kichwa cha mti chenye kovu juu ya sikio la kushoto. Nilikichukua siku walipokuwa wakilihama jumba, wakati wengine wanachukua saa na mazulia. Na kimeviringishiwa kitambaa cha buluu chenye ukingo mwekundu, kile Waziri alichokitupa sakafuni. Nilikiokota siku ileile nikijifanya nafagia. Hariri imechanika mahali pawili.

Nikachemsha mchele, nikayachuja maji. Rukia akaniuliza, "Babu, unapika nini saa hizi?" Nikamwambia alete karatasi, akae, asiulize.

Nimefunga huku nikisema maneno haya. Mara ya kwanza kitambaa kiliteleza, kwa kuwa mikono haina nguvu. Mara ya pili kilishika vizuri, lakini nilipofika kisogoni vidole vikataka kupitana. Baada ya miaka yote hii, vikataka. Nikavisimamisha. Nikafungua chote, nikaanza upya, na safari hii sikumsikiliza mtu wala sikukumbuka kitu; nilivitazama vidole vyangu tu. Kimelala sawa. Huo ndio mkunjo wa nyumba ya Hatibu, na hakuna kichwa kilichouvaa tangu asubuhi ile.

Rukia analia juu ya karatasi. Mwache alie, lakini wino usichafuke.

Sasa kifunike kwa kitambaa cheupe, ukiweke juu ya sinia lile la shaba. Tutakwenda kabla jua halijawa kali. Sinia nitalibeba mimi, mbele. Wewe utafuata na karatasi zako. Mlango wa Bi Zubeda nitaubisha kwa mkono wangu. Nikifika mbele ya kitanda chake ulimi ukanikwama, kama ulivyonikwama mlangoni mwa ukumbi, usinionee huruma na usiningoje: anza kusoma kutoka juu, wala usiruke neno, hata lile la uji. Pale baba yake anapohesabu kucha, pasome polepole, kisha urudie, kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake kwa mtoto wake, na nimeishika mimi kwa muda mrefu kuliko aliyeituma alivyoishi.

Na atakapoinua macho kutoka kwenye kilemba, akauliza ni nani aliyemfunga baba yake, hapo wewe nyamaza, Rukia. Kunja karatasi. Swali hilo si lako kulijibu.